Gari la Moshi Lililokuwa na Utingo

Wasomaji wenzangu wa ukurasa huu wa mafundi wa vitu vidogo, naomba mnivumilie. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, naandika polepole, na mkono ukichoka herufi zangu zinaanza kulala kama mahindi baada ya upepo. Mkikuta neno nimelikosea, lisomeni kwa sauti, nadhani mtalielewa. Barua hii nimeianza Jumapili mbili zilizopita. Muda mrefu nimekuwa nikisoma habari zenu, yule wa Tukuyu na daraja lake la vyuma vya mwavuli mbovu, yule wa Njombe ambaye mabehewa yake yanaachana kila yakifika kwenye kona, na kila mara nilisema nitaandika, halafu naona haya. Leo nimejikaza.

Mimi nakaa Mbeya mjini, nafanya kazi kwa seremala. Chumbani kwangu nimeunganisha mbao nne, na juu yake reli inazunguka kutoka miguuni pa kitanda mpaka karibu na mlango. Nitaeleza baadaye imefikia wapi. Kwanza nataka kueleza ilikoanzia, maana nadhani wengi wenu mliozaliwa miaka ileile mlianza hivyohivyo, kwa makopo na maneno ya watu.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo kule Igowole, asubuhi ukungu ulikuwa unashuka mpaka mlangoni, na ukitoka nje kwenda shule humwoni aliye mbele yako, unamsikia tu anakohoa. Mama alikuwa akitoa viazi viwili kwenye majivu ananitilia mfukoni, kimoja kila upande. Vile viazi havikuwa chakula kwanza. Vilikuwa vya kupasha mikono moto njiani. Ukifika shuleni vimepoa, na wakati wa mapumziko ndipo unavila, vimeshalainika kwa kushikwashikwa. Mpaka leo nikila kiazi cha moto mezani kwa uma naona kama kuna kitu kimepungua.

Tulikuwa na mpira wa matambara, tulikuwa na fyulisi za kuiba zikiwa bado mbichi, na tumbo likiuma hatusemi tumekula nini. Lakini mchezo mkubwa ulikuwa magari. Kila mtoto wa kiume alikuwa na gari la waya, na kila gari lilikuwa na jina, na wengine walikuwa na karakana nyuma ya jiko la mama yao. Tulijua magari. Malori ya chai yalikuwa yanapita, na tulikuwa tunajua kila dereva kwa namna anavyobadilisha gia kwenye kilima. Tulimheshimu zaidi utingo, yule kijana anayekaa juu ya mzigo. Lori likishindwa kupanda na kuanza kurudi nyuma, utingo anaruka chini na kigingi chake cha mti, anakibana nyuma ya tairi, na lori zima na chai yake na watu wake linasimama. Tulikuwa tunaona hakuna kazi kubwa kuliko hiyo duniani.

Watoto wa siku hizi, nao ni wadogo zangu tu tuliopishana miaka saba au minane, hawataki kuwa utingo. Ukiwauliza wanataka kuwa makarani. Na gari la waya wakilitengeneza leo, kesho limetupwa, eti halina rangi.

Mimi katika watoto wale nilikuwa wa mwisho kusemeshwa. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa mjinga, ila maneno yalikuwa hayatoki. Mwalimu akiniuliza hesabu nilikuwa najua jibu, lakini mpaka nilipate mdomoni mwenzangu ameshasema. Waliniita Bubu. Gaudensi, aliyekuwa mkubwa wetu na mwenye gari la waya lenye taa za vizibo vya soda, alikuwa akinituma kuchota maji ya kulowesha barabara zetu, kisha ananisahau. Tito, mdogo kuliko wote na mwenye mdomo kuliko wote, alikuwa akinitetea kwa kusema, “Mwacheni Bubu, siku akisema mvua itanyesha mwezi mzima.”

Basi mwaka ule shangazi yangu, aliyeolewa Dodoma, alijifungua, na bibi akasema lazima aende kumwona. Akanichukua mimi nimsaidie mizigo. Tulipanda lori la chai mpaka Iringa, tukalala kwa ndugu karibu na Tosamaganga, kisha tukapanda basi la kwenda Dodoma. Igowole nzima ilijua kwamba huko kuna gari la moshi. Kwetu hakuna aliyekuwa ameliona. Lilikuwa halifiki Iringa, halifiki Mbeya, na watu wazima waliolipanda wakati wa kwenda kwenye mkonge walikuwa hawana muda wa kukaa na watoto kuwaeleza. Kabla sijaondoka Gaudensi alinishika bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, “We Bubu, uangalie vizuri. Uangalie na chini.”

Sikuangalia juu wala chini. Basi lilinitapisha kutoka Iringa mpaka mwisho wa safari, na kesho yake homa ikanishika. Sisi watu wa baridi joto la kule hatuliwezi. Nililala kwa shangazi siku zote tulizokuwa kule, kwenye mkeka, na kitambaa cha maji kichwani. Kituo hakikuwa mbali, na nilikuwa nalisikia gari la moshi likiingia na likitoka. Nilisikia filimbi yake, nikasikia linavyohema likisimama, na linavyovuta chuma likianza kuondoka. Bibi alikuwa akisema, “Utaliona ukipona.” Siku ya kurudi nilikuwa bado sijapona sawasawa. Nilibebwa mpaka kwenye basi, nikalala mapajani pa bibi na blanketi usoni, na nilipofunua macho tulikuwa tumeshafika Iringa.

Tulipofika nyumbani wenzangu walikuwa wamekaa juu ya ukuta wa kanisa wananingoja. Wote. Nilikuwa sijawahi kungojwa. Gaudensi akauliza, “Umeliona?”

Nikasema nimeliona.

Sikupanga kusema hivyo. Lakini wote waliniangalia mimi, na maneno ambayo maisha yangu yote yalikuwa yamekwama yakaanza kutoka yenyewe. Nikawapigia filimbi kama nilivyoisikia, na wakaruka. Nikawafanyia jinsi linavyohema. Hayo yalikuwa kweli. Kisha wakaanza kuuliza yale ambayo sikuyajua, na mimi nikajibu kwa kufikiria gari kubwa kuliko magari yote niliyoyajua.

“Lina usukani?” Gaudensi aliuliza.

“Mkubwa. Wanashika watu wawili.”

“Tairi za akiba?”

“Mbili. Zinakaa nyuma.”

“Na kwenye mlima likishindwa?” akauliza Tito.

“Kuna utingo,” nikasema. “Anakaa juu, na kigingi chake ni cha chuma.”

Tito akapumua kwa furaha. Nadhani utingo ndiye aliyewafanya waliamini gari lile.

Tukaanza kujenga wiki ileile, kwenye mteremko wa nyuma ya kanisa unaokwenda mpaka kijitoni. Reli zilikuwa mianzi iliyopasuliwa, na chini yake tulilaza vijiti vya miti ya miwati, tukafunga kwa kamba za magome. Kichwa cha gari kilikuwa kopo la mafuta ya kula lililolazwa, na mabehewa yalikuwa makopo ya samaki. Makopo tuliyapata kwa baba yake Tito, mpishi katika nyumba za wakubwa wa shamba la chai. Magurudumu ndiyo yalitutesa. Mwishowe fundi cherehani wa pale dukani alitupa vile vigogo vidogo vya mbao vinavyobaki uzi ukiisha. Mnavijua, vina mdomo uliotokeza kila upande ili uzi usimwagike. Mimi nikaamuru midomo ile ikatwe yote. Nilisema gurudumu la gari la moshi ni laini, kama la lori. Tukakaa siku tatu tunakata midomo kwa kisu, Gaudensi akajikata kidole, wala hakunilaumu.

Usukani ulikuwa wa waya. Tairi za akiba tuliziweka mbili, kama nilivyosema. Utingo tulimfinyanga kwa udongo wa kijitoni tukamkausha jikoni kwa mama yangu, na kigingi chake kilikuwa msumari.

Gari letu lilikuwa linateremka lenyewe kutoka kanisani. Lilikuwa linakwenda vizuri mpaka kwenye kona ya kwanza, hapo linatoka kwenye reli na kulala ubavu kwenye majani. Kila siku. Wenzangu wananigeukia, na mimi sababu ninayo. Siku moja mzigo ulikuwa umezidi upande mmoja. Siku nyingine dereva hakupiga honi. Siku nyingine nikasema utingo amelala kazini, na Gaudensi akamfukuza pale pale, akamtupa kijitoni, tukafinyanga mwingine. Tulifukuza matingo sita msimu ule.

Hakuna aliyeniita Bubu tena. Waliniita Dereva. Nyumbani mama alikuwa akimwambia jirani, “Mtoto huyu siku hizi anasema mpaka chakula kinapoa.” Nilikuwa nalala nikiwa na furaha na hofu pamoja. Naomba mniamini, uongo ule haukuwa wa kujivuna. Nilikuwa naogopa kurudi kuwa yule wa kuchota maji.

Kisha ikakaribia Pasaka, na Gaudensi akaja anakimbia. Baba yake mdogo, Alfonsi, anakuja likizo. Huyo alikuwa mtia moto kwenye gari la moshi lenyewe, kule kwenye njia ya Dodoma. Gaudensi alisema, “Nimemwandikia tunalo letu. Amesema Jumapili baada ya misa atakuja kuliona.”

Siku nne zilizobaki sikula vizuri. Mama akanishika shingo kuona kama homa imerudi. Nilijua Alfonsi ataangalia mara moja tu, na atauliza nani kasema gari la moshi lina usukani, na wote watanigeukia, na mimi sitakuwa na sababu. Jumamosi asubuhi na mapema, ukungu ukiwa bado umejaa, nilikwenda peke yangu nyuma ya kanisa. Nilikuwa nimeamua kuvunja reli yote na kusema ng'ombe wamepita. Nikang'oa kipande cha kwanza cha mwanzi. Cha pili nikakishika, na hakikutoka. Kilikuwa kimefungwa vizuri, na aliyekifunga ni Tito, na nilikumbuka jinsi alivyokuwa akivuta kamba kwa meno. Nikakaa chini na kile kipande mkononi.

“Unafanya nini hapo, Dereva?”

Alikuwa Tito, na kopo la maziwa mkononi, ametumwa dukani. Nikamwambia. Nilimwambia bila kumwangalia. “Mimi sijaliona gari la moshi.”

Tito akakuna mguu mmoja kwa mwingine. “Tunajua.”

“Mnajua nini?”

“Bibi yako alimwambia mama yangu siku ileile mliyorudi. Alisema mtoto amekwenda Dodoma kulala, afadhali angelala hapahapa.”

Hapo Gaudensi akatokea kwenye ukungu na fimbo yake ya kuchungia mbuzi. Alituangalia, akaangalia mwanzi ulio mkononi mwangu.

“Ameungama?” akamwuliza Tito.

“Ameungama.”

“Vizuri. Kesho Padre atapata nafuu.”

Nikawauliza kwa nini hawakusema. Miezi yote ile, kwa nini walinisikiliza, wakakata midomo ya vigogo siku tatu, wakafukuza matingo sita. Gaudensi akakaa juu ya jiwe.

“Tungesema, nani angetuambia gari linakuwaje? Tito?”

“Mimi ningelitia mapembe,” Tito akasema.

“Unaona? Halafu wewe ulikuwa unasema. Tangu darasa la kwanza sijakusikia ukitoa maneno kumi bila kusimama. Nikamwambia Tito, mwache aseme, tutaona atafika wapi.” Kisha akanyoosha mkono. “Lete huo mwanzi. Kesho baba mdogo anakuja, na wewe unabomoa stesheni.”

Tukaufunga tena. Sijui niwaelezeje jinsi nilivyojisikia. Ni kama umebeba mzigo wa kuni kutoka msituni, unafika nyumbani unautua, na kwa muda mikono inapanda juu yenyewe. Nilicheka hovyo asubuhi yote.

Jumapili baba mdogo Alfonsi akaja na kofia yake, akatusalimu, “Kamwene,” tukaitikia, akachuchumaa kando ya reli bila kujali suruali yake ya Pasaka. Aliangalia muda mrefu. Akagusa usukani kwa kidole kimoja.

“Dereva wa humu anakata kona kwenda wapi?”

Kidole chake kikahamia juu ya gari.

“Na huyu aliye juu?”

“Utingo,” Tito akasema. “Likirudi nyuma, yeye anaruka na kigingi.”

Yule mtu akavua kofia yake akajifunika uso, na mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakaa chini kabisa. Alipoweza kusema, alisema, “Mimi nimetia moto miaka mingi, na kuna mlima mmoja ambao kila tukiupanda nasali. Laiti tungekuwa na mmoja kama huyu.” Kisha akauliza, “Nani aliwaeleza gari liko hivi?”

Nilifungua mdomo. Gaudensi akaniwahi. “Tulikisia wote, baba mdogo.”

Akainua kigogo kimoja akakizungusha. “Na midomo hii nani kaikata?”

“Wote,” akasema Tito.

“Basi mmekata kitu pekee kilichokuwa sawa.” Akatueleza kwamba gurudumu la gari la moshi lina mdomo kwa upande wa ndani, na mdomo huo ndio unaoshika reli. Dereva hapindi kona. Njia ndiyo inampinda. Akasema tukipata vigogo vingine tuvikate katikati, kila nusu itabaki na mdomo wake mmoja, na hilo ndilo gurudumu. Tulikuwa tumeyashika magurudumu ya kweli mkononi, tukayachonga yakaharibika, kwa sababu sisi tulijua malori.

Fundi cherehani alitupa vingine baada ya Pasaka. Gari letu likateremka kutoka kanisani, likapita kona ya kwanza, likapita ya pili, likaingia kijitoni na watu wake wote. Tuliliokota likiwa limejaa maji, tukalirudisha juu tukikimbia. Usukani tuliutoa. Utingo tulimwacha.

Sasa niwaambie nilipofikia. Reli yangu ya Mbeya ni ya vipande vya mkanda wa bati uliokuja umefunga masanduku ya misumari, nimevisimamisha kwenye mataruma, yaani vijiti vya kulalia reli, ya mbao za mvule ambazo bosi wangu anazitupa. Nimemaliza kona zote mbili. Stesheni ina paa na benchi, na nimeanza pango la kupita chini ya kilima cha karatasi zilizolowekwa kwenye uji wa unga. Kilima kinanuka kidogo, nadhani niliweka uji mwingi. Kichwa cha gari nimekichonga kwa kufuata picha ya kalenda na maneno ya baba mdogo Alfonsi. Mtoto wa bosi wangu ana gari la moshi la dukani, la bati, la kutia ufunguo. Linazunguka vizuri kuliko langu. Alilichezea siku mbili, sasa limelala chini ya kabati, na yeye anakuja kukaa kwangu kuuliza lini nitampa kazi ya kushika gundi. Simlaumu. Gari lake lilikuja limekwisha, hapakuwa na mahali pa yeye kuingia.

Vipimo vyangu sasa ni sawa, bati langu ni zuri, nina msumeno na patasi, na gari halianguki kwenye kona. Lakini jioni, mtoto yule akisharudi kwao, nikiwa nimeinama juu ya mbao zile peke yangu, hakuna anayeniuliza lina taa ngapi. Gaudensi alikwenda kusini kwenye migodi. Tito yuko kwenye kiwanda cha chai na ameoa. Sasa niko huru kusema kwamba sijui, nalisema mara nyingi, ila chumbani hakuna wa kuambiwa.

Na kuna jambo sijui. Mbeya hakuna gari la moshi, na mpaka leo ninapoandika haya sijaliona kwa macho yangu. Behewa la mwisho limenishinda. Picha ya kalenda inaonyesha mbele tu, na baba mdogo alikuwa akikaa mbele siku zote. Ninyi mnaokaa kando ya njia, Dodoma, Morogoro, Tabora, tafadhali niandikieni kwa kupitia ukurasa huu. Nielezeni likishapita, mtu aliyesimama akaliangalia likienda zake anaona nini kule nyuma. Kama kuna taa, ni ya rangi gani. Kama kuna mtu amesimama, anafanya nini. Msiogope kuandika vibaya, nitasoma polepole kama ninavyoandika. Nimeacha inchi nne za mbao tupu kwa ajili hiyo, na sitazigusa mpaka nipate jibu.